Kamba Huanzia Shimoni

Mazungumzo na kikundi cha wasokota usumba (nyuzi za makumbi, yaani maganda ya nje ya nazi), pwani ya mashariki ya Unguja

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Bi Mkubwa mwenyekiti wetu, mama zangu, shangazi zangu, dada zangu, na nyinyi vijana mliokaa kule nyuma chini ya mkungu. Nimefurahi kurudi pwani hii. Nimeambiwa nizungumze mpaka maji yapwe, kisha twende shimoni, kwa hiyo naingia kwenye jambo lenyewe.

Nimekuja na vicha vitatu vya usumba. Bi Mkubwa, naomba uvipokee wewe kwanza, halafu uvipitishe. Vishikeni, vikunjeni, vinuseni, vivuteni. Cha kwanza rangi yake inakaribia asali. Ukikivuta nyuzi zinaachana bila kung'ang'aniana na kiganja kinabaki safi. Cha pili kimeiva lakini ni cheusi-cheusi kama chai iliyolala, na bado kina harufu ya tope. Cha tatu ni cha kahawia, kigumu, kinachoma vidole, na mkikikung'uta mtaona unga unamwagikia kanga zenu. Niwieni radhi kwa hilo, nimetaka muuone.

Vyote vitatu vimetoka kwenye minazi ya shamba moja, la mjomba wangu. Mkwezi aliziangua nazi siku moja, zikafuliwa siku moja kwenye kifuo kimoja. Kilichotofautiana ni pahala yalipolala makumbi na muda yaliolala. Makumbi ya kicha cha kwanza nilizika hapa hapa pwani, kwenye mchanga unaofunikwa na kufunuliwa na bahari, miezi 9. Ya kicha cha pili nilizamisha kwenye dimbwi la maji ya mvua nyuma ya nyumba, miezi 9 hiyo hiyo. Ya cha tatu hayakuzikwa kabisa, yalikauka juani kisha yakapondwa kwa mashine.

Mpeni msokotaji hodari kuliko wote hapa kicha cha tatu. Mkono wake ni ule ule, lakini kamba atakayotoa itakuwa nene pahala na nyembamba pahala, yenye vinyweleo vilivyosimama, na itakatika mapema. Sisi tunasifiana kwa kusokota. Mtu akipita na kamba nzuri tunamuuliza nani kaisokota. Mimi siku hizi nauliza nani kaizika, na kwa muda gani.

Tulitazame kumbi lenyewe. Kwa nje lina ganda jembamba la kuteleza, ndani yake zimo nyuzi, na kati ya uzi na uzi upo unga laini kama kizibo cha chupa. Vyote hivyo vimeshikana kwa gundi. Wanasayansi wanaiita pektini, na ndiyo ile ile inayofanya embe bichi liwe gumu. Embe likiiva, pektini inalegea. Imo pia tanini, kitu kile kile kilichomo ndani ya magome ya mkandaa ambayo wazee walitia ngozi rangi. Ukilifukia kumbi kwenye mchanga wenye maji, hewa inakatika, na bakteria wasiohitaji hewa wanaanza kula. Wanaipenda pektini. Uzi wenyewe hawauwezi kwa haraka, kwa sababu usumba una lignini nyingi, zaidi ya asilimia 40, na lignini ni kama mti, ngumu kuliwa. Basi gundi inaondoka, uzi unabaki.

Harufu ya mayai viza mnayoijua mkifukua shimo inatokana na kazi hiyo. Maji ya bahari yana chumvi za salfa. Wapo bakteria wanaozitumia na kutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, na mchanga unaozunguka makumbi unageuka mweusi. Shimo la baharini lisilonuka kamwe huwa nalitilia shaka, nadhani hewa inaingia.

Sasa kwa nini hiki cha dimbwini kimekuwa cheusi, na muda ni ule ule? Kwa sababu dimbwi limesimama. Tanini inatoka kwenye makumbi, haina pa kwenda, inazirejea nyuzi na kuzitia rangi. Tena ikikolea inawachosha wale bakteria, kazi inakwenda kwa kusuasua. Hapa pwani maji yanajaa na kupwa mara mbili kila siku. Yakijaa yanapenya mchangani, yakipwa yanaondoka na tanini kidogo. Zidisheni mara mbili kwa siku kwa miezi 9, muone makumbi yale yameoshwa mara ngapi bila mtu kunyanyua ndoo. Ndiyo maana bibi zetu walichimba mashimo usawa ule ambao maji ya kawaida yanafika, sio juu sana ambako yanafika wakati wa bamvua peke yake. Hawakuwa na neno tanini. Walikuwa na macho.

Lipo neno letu ninalolipenda katika kazi hii, nalo ni kuvundika. Tunavundika ndizi, tunavundika embe. Anayevundika anafunika kitu kwa makusudi, anakihesabia siku, na anajua siku ya kukifunua. Akisahau, kitu kinavunda. Makumbi ni hivyo hivyo.

Niwaeleze la kwangu. Nilikuwa na miaka 14, Sikukuu imekaribia, nataka viatu. Shimo la bibi halijatimiza hata miezi miwili. Nikamwomba tulifukue. Hakunigombeza, alisema tu, "Haya, mjukuu wangu, kalifukue." Nikalifukua. Kumbi lililoiva ukilishika ganda linavuka lenyewe. Yale ilibidi niyabandue kwa kisu. Nikayaweka juu ya jiwe na kuyapiga kwa gongo tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Kumbi lililoiva ukilipiga mara kumi au ishirini unga umeshaanguka. Yale niliyapiga mpaka mikono ikatoka malengelenge, na unga bado umeshikilia nyuzi kama ukoko wa wali kwenye chungu. Nilipozidisha kupiga, nyuzi zikaanza kukatika. Nikasokota hivyo hivyo. Bibi aliichukua kamba yangu akaifungia mlango wa banda la kuku, hakusema kitu. Kabla kaskazi haijesha ilikuwa imekatika pahala patatu.

Nilikuja kufahamu baadaye kilichotokea. Kumbi bichi linadai kupigwa sana, na kila pigo la ziada linaupasua uzi. Halafu ule unga unaobaki unakaa kati ya uzi na uzi. Nguvu ya kamba inatokana na nyuzi kubanana. Ukizisokota zinaumana, na ukivuta zinazidi kuumana. Ukiweka unga katikati, zinateleza. Kwa macho kamba ni nene. Ikivutwa, uzito wote unaangukia nyuzi chache.

Wataalamu wa nyuzi wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu kwenye katani. Nasema katani ile ya asili, inayotokana na mmea wa jamii ya bangi unaolimwa kwa nyuzi zake. Sisi jina hilo tumelihamishia kwenye mkonge, lakini kwa karne nyingi kamba na matanga ya meli za Ulaya yalitoka kwenye mmea huo. Nyuzi zake zimo kwenye gome la shina, nazo zimegandishwa na pektini. Kuna njia mbili za kale za kuziachanisha, na tofauti yake inafanana na hivi vicha vyangu.

Njia ya kwanza ni ya maji. Katika uwanda wa Bologna na Ferrara, kaskazini ya Italia, mashamba ya katani yalikuwa na mabwawa ya kazi hiyo tu, wakiyaita maceri. Mengine yanaonekana mpaka leo. Wakulima walizamisha matita ya mashina, wakayagandamiza kwa mawe, wakayaacha kiasi cha wiki moja katika joto la Agosti. Kisha watu waliingia majini mpaka kiunoni kuyatoa na kuyaosha. Kazi ngumu, yenye harufu, na siku ya kutoa ilitaka mtu anayejua, maana katani haina lignini nyingi kama usumba wetu. Ikipitiliza siku mbili tatu, bakteria wakimaliza gundi wanaanza uzi. Lakini aliyeipatia alipata nyuzi ndefu, nyeupe za kung'aa, zilizoiva sawasawa. Venice, mji ulioishi kwa meli, ulikuwa na karakana yake ya kamba, na katani ya Bologna ndiyo waliyoipa daraja la juu.

Njia ya pili ni ya umande. Mashina yanakatwa na kulazwa shambani, kuvu na bakteria wanafanya kazi polepole, wiki kadhaa, na mkulima anayageuza. Hapo mwenye amri ni hali ya hewa. Kukikauka, kazi inasimama. Mvua ikizidi, kuvu wanahamia kwenye uzi. Upande uliogusa udongo unaiva mbele ya upande wa juu. Nyuzi zinatoka za kijivu, nyingine zimeiva na nyingine bado. Katika karne ya 19 wakulima wa Kentucky, Marekani, walilima katani nyingi na kuivundika kwa umande. Jeshi la majini la nchi yao wenyewe likaendelea kuagiza katani ya Urusi iliyovundikwa majini, kwa ajili ya kamba za meli. Mmea ni ule ule. Mwenye shamba amelima, amepalilia, amevuna, na meli za kwao zinanunua ng'ambo kwa sababu ya wiki chache za mwisho. Kila nikilifikiria hili nakumbuka kamba zetu zinavyoachwa madukani, na plastiki zinanunuliwa.

Nisiwafiche kwamba njia ya maji ina gharama yake. Bwawa la katani linaishiwa hewa na samaki wanakufa. Ndiyo sababu mojawapo Ulaya ya leo, Ufaransa ikiongoza kwa kilimo hicho, imebaki zaidi na njia ya umande. Na Kerala, kusini-magharibi ya India, wanaosifika kwa usumba, wamekutana na shida hiyo hiyo. Wao wanatumia makumbi ya nazi ambazo hazijakauka, wanayazamisha miezi 6 mpaka 10 kwenye mikono ya maji ambamo bahari na mto vinachanganyika, na usumba wao wa rangi ya dhahabu unauzwa duniani kwa jina la usumba mweupe. Lakini makumbi yalipozidi, maji yale yalichafuka na samaki wakapungua. Hapa kwetu tusizidishe mashimo pahala pamoja, na tusichimbe karibu na mashamba ya mwani. Bahari inatuoshea, lakini nayo ina kiasi chake.

Vijana waliofanya kazi Tanga huniuliza, mbona mkonge hauvundikwi? Kweli, hauvundikwi. Jani la mkonge ni bichi na lina maji mengi. Mashine iitwayo korona inalikwangua siku lilipokatwa, singa zinaoshwa, zinaanikwa kwenye nyaya, basi. Kumbi halina nyama laini ya kukwanguliwa. Mashine inaweza kulipasua, na usumba huo wa mashine unafaa kwa brashi, kwa magodoro, kwa mazulia ya mlangoni. Sina ugomvi nao. Ila mtu asiniuzie hicho kwa jina la usumba wa kamba.

Pwani hii imetegemea kamba tangu zamani sana. Mfanyabiashara wa Kigiriki aliyeandika karibu miaka 2000 iliyopita alitaja bandari ya pwani yetu, Rhapta, na akasema jina lake limetokana na vyombo vya kushonwa. Mitepe ya Lamu haikuwa na msumari; mbao zilishonwa kwa kamba ya mnazi, na watu wakapakia mizigo na watoto wao humo. Ibn Battuta, yule yule aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alipofika visiwa vya Maldivi miaka kama 12 baadaye aliandika kazi ya usumba aliyoiona: makumbi yanawekwa kwenye mashimo ya ufukweni, yanapigwa kwa magongo, na wanawake wanasokota. Ukiondoa mavazi, alikuwa anatueleza sisi. Na si mambo ya kale peke yake. Mwaka 1980 ndugu zetu wa Oman waliteremsha jahazi la Sohar, lililojengwa Sur na kushonwa kwa kamba ya usumba kiasi cha kilomita 640. Lilitoka Muscat likafika Guangzhou, China, mwaka 1981. Anayesema kamba ya makumbi ni ya kufungia kuku, mtajieni safari hiyo.

Kazi yangu sasa ni kununua kamba na kuwapelekea mafundi wa mapaa ya makuti. Miaka michache iliyopita nilipeleka mzigo mkubwa kwenye hoteli moja; hoteli siitaji, na kosa halikuwa lake. Nilinunua kwa haraka kwa watu mbalimbali, sikuvuta wala kunusa. Paa likapanda, likapendeza. Wiki ya kwanza mwenyewe akanipigia simu: wageni wakikaa kula, unga wa kahawia unadondokea kwenye sahani. Nikaja kutazama, nikaweka kiganja chini ya boriti, mtu akatikisa fito, kiganja kikajaa vumbi. Halafu masika ikaanza. Maji ya mvua yakapita kwenye kamba, yakashuka ukutani, na ukuta wa chokaa nyeupe ukawa na michirizi ya rangi ya chai tangu juu mpaka chini. Ile tanini ambayo bahari ilitakiwa iitoe kwa miezi, ilitoka kwa mvua mbili mbele ya wageni. Kamba zote zilikatwa, wakafunga za plastiki. Mafundi walilipwa mara moja kwa kazi ya mara mbili, na wanawake niliowanunulia hawakuulizwa tena.

Nililia, sitaki kuwaficha. Nililia kwa sababu najua wale kina mama walipiga makumbi kwa jasho lao, tena jasho zaidi kuliko wangefanya kama yangeiva.

Kwa hiyo nawaomba mambo machache. Makumbi yazikwe mabichi, ndani ya siku chache tangu nazi kufuliwa. Yakishakauka, maji yanayapenya kwa taabu na rangi inaharibika. Msitie chuma shimoni. Nimeona watu wanafunika kwa vipande vya bati ili mawimbi yasiyachukue makumbi. Chuma na tanini vikikutana vinatoa weusi, na weusi huo hautoki. Wakulima wa juti wa Bangladesh wanaijua hasara hiyo wanapogandamiza matita yao kwa udongo wenye chuma. Tumieni mawe, mchanga, vijiti vya mikoko na makuti, kama walivyofanya wazee.

Na muda. Mnaniuliza miezi mingapi, na mimi siwezi kuwapa namba moja, kwa sababu shimo la usawa wa chini linaiva mbele ya la juu. Bibi yangu hakugusa shimo kabla ya miezi 6, mengine aliyaacha mpaka 10. Lakini hakuamini miezi, aliamini kumbi. Alitoa moja la katikati, kwa sababu la juu hudanganya. Akalibonyeza ganda kwa dole gumba. Likivuka bila kisu, vizuri. Akaliosha, akalipiga mapigo kumi, akauvuta uzi mmoja. Ukitoka mzima kwa urefu wake wote bila kung'oka na unga, shimo limeiva. Ukikatika kwa kuvuta kidogo na unateleza kama mwani, limepitiliza. Kama ganda bado linakataa, alilirudisha, akafunika, akaenda zake.

Najua subira hii ni ngumu. Mwani ulipoingia Paje na Jambiani mwaka 1989, mama zetu wengi waliacha makumbi, na sina wa kumlaumu: mwani ulilipa kwa wiki chache, shimo linalipa baada ya miezi. Leo mwani nao una taabu zake, na baadhi yenu mmerudi kwenye usumba. Anayerudi ana njaa ya leo. Ndiyo maana nimemwomba Bi Mkubwa kikundi kiwe na mashimo kwa zamu, moja kila mwezi, ili baada ya miezi 8 pawe na shimo la kufukuliwa kila mwezi na asiwepo wa kumfanyia mtu papara. Kila shimo liwe na kijiti chenye tarehe. Na mimi, kamba itakayotoka kwenye shimo lenye kijiti, nitailipia zaidi. Hilo nimeliandika na nimelitia saini, Bi Mkubwa anayo karatasi.

Nimeona maji yameshaacha jiwe lile la kwanza. Kijiti cha shimo la tatu kinaonyesha miezi 7 na siku chache. Hatulifukui lote leo, tunatoa kumbi moja la katikati, na nataka dole gumba litakalobonyeza liwe la huyu binti mdogo aliyekaa mbele tangu nianze. Chukueni magongo, twendeni.